Mlima Hanang na Kingo za Bonde la Ufa: Mandhari ya Kutazamwa kwa Tahadhari

Msafiri anayetoka Babati kuelekea Singida huuona Mlima Hanang muda mrefu kabla ya kufika Katesh, yaliko makao makuu ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Mlima huo, wenye urefu wa takribani mita 3,420 kutoka usawa wa bahari, umesimama peke yake juu ya tambarare, na kwa sababu hiyo kilele chake ni miongoni mwa sehemu bora za kutazamia mandhari nchini.

Hanang ni volkano iliyolala ndani ya mfumo wa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Anga inapokuwa safi, aliyeko juu huona ukingo wa Bonde hilo pamoja na Ziwa Balangida, ambalo maji yake ya chumvi hupungua wakati wa kiangazi na kuacha uwanda mweupe. Upande wa magharibi liko eneo la Basotu, lenye ziwa la maji baridi na mashamba makubwa ya ngano yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970.

Njia inayotumiwa zaidi na wapandaji huanzia Jorodom, jirani na Katesh. Msitu wa mlima huo ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hivyo mgeni anapaswa kufuata utaratibu wa hifadhi na kuongozana na mwongozaji. Inashauriwa kuanza safari alfajiri, kwa kuwa mawingu mara nyingi hufunika kilele kadiri siku inavyosonga.

Kwa wasioweza kupanda mlima, zipo sehemu zinazofikika kwa gari. Mteremko wa Magara, katika barabara iendayo Mbulu kutokea Mbuyu wa Mjerumani, na ule wa barabara ya Mto wa Mbu kwenda Karatu, humwezesha msafiri kulitazama Ziwa Manyara likiwa chini ya miguu yake.

Hata hivyo, mwinuko mkali unaoyafanya maeneo haya yapendeze ndio unaoyaweka katika hatari. Tarehe 3 Desemba, 2023, kufuatia mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhoofu ililowa maji, ikaelemewa na kumeguka. Tope, mawe na magogo vilifuata mikondo ya maji hadi Katesh, Gendabi na maeneo jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengi waliachwa bila makazi. Tukio hilo halikuwa mlipuko wa volkano wala tetemeko la ardhi. Lilitokana na maji kuzidi uwezo wa udongo na miamba kuyahimili.

Kutokana na hali hiyo, anayekusudia kuzuru maeneo haya anashauriwa kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya safari, kuepuka kupanda mlima wakati wa mvua kubwa na kutopiga kambi ndani ya makorongo. Maji ya kijito yakigeuka tope ghafla, au ukisikika mngurumo wa mawe kutoka juu, ni lazima kuondoka mara moja kwenye mkondo na kukimbilia mwinuko ulio pembeni yake.

Kwa wakazi, kinga huanzia kwenye msitu wenyewe. Mizizi ya miti hushikilia udongo, na msitu huo huo ni chanzo cha maji kwa vijiji vilivyo chini yake. Kukata miti au kulima kwenye miteremko na kandokando ya mikondo ya maji ni kuongeza hatari kwa walioko bondeni.

Aidha, mgeni anayepita Gendabi akumbuke kwamba mahali anapopatazama ni makazi ya watu waliofiwa. Ni uungwana kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kununua chakula na kutumia huduma za wenyeji, ili utalii uchangie kuinua upya maisha ya wananchi hao.