Mupira wa chukudu ndani ya ordinateri: namna mashini inatafuta mupaka wa kichwa cha mutoto

Mama mwenye mimba akilala ku kitanda cha ekografi, anaona paka kivuli cha kijivu chenye vidoadoa vingi, sawa televizyo ya zamani isiyoshika mawimbi vizuri. Munganga yeye anatafuta kitu kimoja mu ile picha: mupaka. Mufupa wa kichwa cha mutoto unaishia wapi? Akishaupata, anazungusha musitari, mashini inapima urefu wake, na kufuatana na ule urefu wanakisia mimba iko na wiki ngapi.

Kazi hii inaonekana kuwa ndogo, lakini tufanye hesabu. Karibu na wiki ya 20, muzunguko wa kichwa ni kama sentimita 17 na nusu, na kila wiki unaongezeka sentimita moja na kidogo. Mutu akiweka musitari milimita 2 tu inje ya mufupa, pande zote, muzunguko unaongezeka zaidi ya milimita 12. Hapo mimba imeshazeeshwa wiki nzima. Na ile wiki iko na uzito, juu mutoto anayezaliwa mbele ya wiki 37 anahesabiwa kuwa amezaliwa mbele ya wakati, na waganga wanaangalia umri wa mimba mbele ya kutoa dawa ya kukomaza mapafu yake. Njo maana tangu 2016 shirika la OMS linashauri kila mama apate ekografi moja mbele ya wiki 24.

Ugumu unatokana na sauti yenyewe. Ekografi inatuma sauti ambayo sikio halisikii. Ikigonga mufupa wima, inarudi na nguvu. Ikiupitia ku ubavu, inateleza na kupotea. Kwa hiyo ku picha, mufupa unang'aa juu na chini, kisha ku pande unakatika. Jicho la munganga mwenye mazoezi linajaza zile nafasi bila kufikiri. Ordinateri haina ule ujuzi. Yenyewe inaona paka madoa madogo, kila doa na namba yake ya mwangaza. Ukiiambia "kusanya madoa yote yanayong'aa", italeta mufupa, italeta na kondo la nyuma, italeta uchafu wa picha, na mashimo itayaacha mashimo.

Mu 1988, watafiti watatu, Michael Kass, Andrew Witkin na Demetri Terzopoulos, waliokuwa wakifanya kazi ku laboratwari ya kampuni ya Schlumberger kule Palo Alto, Kalifornia, walichapisha njia ingine. Badala ya kukusanya madoa, walichukua musitari muzima na kuupa tabia. Waliuita "nyoka", juu ya vile unavyojinyonganyonga ukitafuta pa kutulia.

Wakaaji wa Goma wanaweza kuielewa haraka kwa kuangalia chukudu. Ule mupira wa chambre à air wanaofungia mizigo unataka kujikaza, na haupendi kukunjwa kona kali. Ukiuzungusha ku magunia mawili ya makala, unakumbatia magunia, na pale kwenye nafasi katikati yao unapita moja kwa moja bila kuanguka ndani. "Nyoka" wa ordinateri ni vile vile: ndani yake kuna nguvu mbili, moja inakataa kurefushwa, ingine inakataa kukunjwa. Nguvu ya tatu inatoka inje, ku picha yenyewe: kila mahali ambapo giza linageuka mwangaza kwa gafula, panauvuta musitari. Programu inausogeza kidogo kidogo mupaka zile nguvu zilingane. Pale mufupa unang'aa, musitari unashikama. Pale mufupa umekatika, unapita juu ya shimo sawa ule mupira.

Njia hii ilikuwa na kasoro. Ilibidi mutu auweke musitari karibu na kitu kinachotafutwa. Ukiwa mbali, hauhisi kitu, unajikaza bure mupaka unasinyaa. Mu 1991, Mufaransa Laurent Cohen aliuongezea nguvu ya kuvimba sawa balo, ili uweze kuanzia ndani na kupanuka. Kasoro ingine ilikuwa nzito zaidi: mupira mumoja haujigawanye. Kama kuna vitu viwili, sawa mapacha, unavifunga pamoja.

Dawa ya hiyo ilitoka kwa Stanley Osher na James Sethian, pia mu 1988. Wao hawakuchora musitari hata kidogo. Walifikiria kitu kama ziwa Kivu: mupaka ni ukingo, pale maji yanakutana na udongo. Maji yakipanda, rasi moja inaweza kukatika na kuwa kisiwa, na ukingo mumoja unakuwa mbili bila mutu kuukata. (Mu hesabu zao maji yanabaki palepale, ni udongo njo unapanda na kushuka, lakini matokeo ni yale yale.) Mu 2001, Tony Chan na Luminita Vese walitumia wazo hilo ku picha ambazo hata mupaka hauonekani vizuri: programu inalinganisha tu wastani wa mwangaza wa ndani na wa inje.

Siku hizi kazi nyingi imechukuliwa na akili bandia. Inajifunza ku picha nyingi ambazo watu wamekwisha kuchora kwa mukono, na mara nyingi inashinda "nyoka" kwa mbali. Lakini ikifundishwa ku picha za mashini moja, inaweza kuteleza ukiipa picha za mashini ingine. "Nyoka" haihitaji mafunzo, inatembea hata ku ordinateri ndogo, na ikikosea, mutu anaona ni wapi imekosea na sababu gani.

Na inakubali kusahihishwa. Wale watatu wa Palo Alto walimuachia mutu nafasi ya kuingiza mukono: anaweza kufunga springi ku musitari na kuuvuta pale anapotaka, ao kuweka alama ya volkano pale asipotaka uende, na musitari unaikimbia.