Moyo Ukienda Mbio, Masikio Huziba

Katika ugomvi wa mke na mume, anayenyamaza ndiye anayelaumiwa zaidi. Mwenzake anauliza, anarudia, anapandisha sauti. Yeye kainamia simu. Wanapofika kwa mshauri wa ndoa, hukumu imeshatoka: huyu hajali, ana dharau. Vipimo vya mwili vinaeleza jambo jingine.

Kuanzia miaka ya 1980, wanasaikolojia wa Marekani John Gottman na Robert Levenson waliwaketisha wanandoa maabara, wakawafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo na jasho, wakawaomba wazungumzie kwa dakika 15 jambo wanalogombania. Walionyamaza na kugeuza uso wengi walikuwa wanaume. Uso mkavu, lakini kifua kinapwita.

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Akihisi anashambuliwa, adrenalini humiminika katika damu, pumzi hukatika, misuli hukaza kwa kupigana au kukimbia, hata kama kilichomfikia ni neno la kashfa tu. Gottman anaeleza kuwa mapigo yakivuka 100 hali mtu amekaa tu kitini, uwezo wake wa kupokea anachoambiwa hupungua sana. Utani haumfikii. Samahani haimwingii. Mwenzake anaomba, yeye anasikia shutuma. Ndiyo maana siukubali ule ushauri unaotolewa katika kila sherehe ya harusi, kwamba wanandoa wasilale kabla hawajamaliza ugomvi. Saa tano usiku, watu wawili waliochoka na damu inachemka, watamaliza nini?

Katika jaribio moja Gottman na wenzake waliwakatiza wanandoa katikati ya mabishano kwa kisingizio kwamba mitambo inahitaji kurekebishwa. Wakaambiwa wasiliguse lile jambo, wasome majarida tu kwa nusu saa. Waliporudi kwenye mazungumzo, mapigo yalikuwa yameshuka na lugha imelainika. Hawakuwa wamefundishwa chochote. Mwili ulikuwa umepewa nafasi ya kupoa, basi.

Kwa kawaida mwili unahitaji dakika 20 hivi, au zaidi. Ila namna ya kuondoka ina uzito kuliko dakika zenyewe, na hapa ndipo wengi hukosea. Kubamiza mlango na kutokomea kijiweni kunamwacha mwenzako na ugomvi ule ule, sasa umeongezeka uchungu. Sema: "Mama Asha, nimepandwa na hasira, sitakusikia vizuri. Naomba nitoke kidogo, tukishakula tuendelee." Na wewe uliyeomba ndiye urudi kulifungua jambo. Usingoje kukumbushwa, kwa sababu asiyerudi hakupumzika, amekimbia. Katika muda huo osha vyombo, zunguka mtaa, swali au sali. Ukiketi kupanga majibu, au ukampigia dada yako kumsimulia ulivyoonewa, moyo hautashuka.

Kuomba nafasi si sawa na kununa. Anayepitisha siku tatu bila kumwamkia mwenzake, huku akiongea na watoto na wageni kwa furaha, anatoa adhabu, na aadhibiwaye anajua.

Huko pwani, somo, yule mwanamke anayemfunda bibi harusi, alimfunza mwali kuuchunga ulimi mume anapokuwa na hasira. Hekima imo, lakini kazi ya kuituliza nyumba ilitwikwa mtu mmoja. Mwanamume naye ana moyo unaodunda. Ajifunze kuusikia mapema, taya zinapokaza na viganja vinapolowa, aombe nafasi kabla hajatamka neno asiloweza kulirudisha.

Haya ni kwa nyumba ambayo wote wawili wako salama. Kama unanyamaza kwa kuogopa kupigwa, usihesabu dakika. Tafuta ndugu au jirani unayemwamini, na kwa Tanzania nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.