Jioni Moja Ukingoni mwa Mto, huko Yangambi

Wengi wetu twadhani ya kuwa kuutembelea msitu ni shauri la wageni wenye mali, waendao na magari makubwa na masanduku ya vyakula. Nasi tulidhani hivyo hivyo, hata siku ile wanafunzi wetu wa Kisangani walipotuuliza kwa nini wafundishwa habari za msitu ubaoni tu, hali msitu wenyewe u karibu nao. Hatukuwa na jibu. Basi tukaanza kuhesabu fedha: nauli ya boti, unga wa muhogo, chumvi, chupa moja ya mafuta ya mawese. Kila mmoja alileta alichoweza. Mtoto mmoja alileta kuku wawili, nao wakauzwa sokoni. Tukaondoka watu 11, wanafunzi 9 na waalimu 2, pamoja na akiba ndogo ya kurudia.

Yangambi iko ukingo wa kuume wa mto Kongo, karibu kilometa 100 chini ya Kisangani. Boti za mbao ziendazo huko hazina viti. Abiria huketi juu ya magunia ya wenzake, na mwenye kupata gunia la mchele amebahatika kuliko mwenye kupata la kokwa. Mashine ilizimika mara mbili njiani. Tulifika jua likishuka, tukapewa chumba cha shule ili tulale juu ya mikeka bila malipo, lakini watoto hawakutaka kuingia ndani. Walitaka kukaa mtoni.

Hapo mto ni mpana sana, wenye visiwa vingi, hata mgeni asijue aonalo mbele yake ni ng'ambo au ni kisiwa tu. Magugu-maji yalipita polepole na maua yake ya zambarau, kama bustani iliyong'oka. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa ikirudi. Mama mmoja alituuzia samaki wa kukaushwa moshini. Tulipomwomba apunguze bei alitutazama, akawatazama watoto, akaongeza samaki wawili, lakini bei hakuigusa. Tukawasha moto, tukapika bugali na sombe.

Mzee mmoja, aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya uchunguzi, alikuja kuota moto pamoja nasi. Alipoona chupa yetu ya mawese alicheka, akamtuma mjukuu wake alete tunda la mchikichi. Akalipasua kwa panga.

"Tazameni ganda la kokwa," alisema. "Ni jembamba. Hapo zamani baba zenu walikuwa na michikichi yenye ganda nene na mafuta machache."

Yapasa tuieleze habari hiyo, kwani ni ya kwetu, nasi hatuijui. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda shirika la uchunguzi wa kilimo liitwalo INEAC, na Yangambi ikawa makao makuu ya kazi zake. Siku hizi kazi hiyo i mikononi mwa INERA. Hapo wachunguzi walikuwa na michikichi ya namna tatu: yenye ganda nene, yenye ganda jembamba, na mingine isiyo na ganda lakini isiyozaa vema. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitangaza walilolivumbua: ukiunganisha ule wa ganda nene na ule usio na ganda, watoto wake wote huwa wa ganda jembamba, wenye mafuta mengi. Mashamba makubwa ya michikichi ya Malaysia na Indonesia yamesimama juu ya jambo hilo. Sisi tumefundisha habari za mimea miaka mingi, wala hatukuwahi kuwaambia watoto neno hilo. Tulikula kimya kidogo.

Kisha ukapita mtumbwi mrefu wa mashine, ukipanda kwenda Kisangani, umejaa magunia ya makaa hata maji yakaribia kuingia. Mwanafunzi mmoja, hodari wa kusema, alisimama na kupiga kelele ya kuwa wachoma makaa ni wezi wa msitu. Wenzake wakapiga makofi. Nasi, tukiri, tulifurahi kusikia masomo yetu yakirudishwa vizuri namna ile.

"Mwalimu," ilisikika sauti kutoka upande wa giza, "baba yangu huchoma makaa. Ndiyo yaliyolipa nauli yangu. Na ada ya shule pia."

Alikuwa mtoto mpole, asemaye mara chache. Yule hodari aliketi. Tulitafuta neno, tukakumbuka ya kuwa nyumbani kwetu kila siku sufuria hukaa juu ya makaa, wala hatujawahi kumwuliza mwuzaji ni ya mti gani.

Mzee hakumkemea mtoto. Alimwuliza baba yake akata miti gani. "Yote," alijibu. Ndipo mzee akatueleza habari za afromosia, mti wa mbao nzuri, ambao tangu mwaka 1992 biashara yake ya nje yasimamiwa kwa mapatano ya mataifa. Miche yake haivumilii kivuli. Chini ya miti mikubwa hufa. Yahitaji mwanga. Nasi tuliongeza tuliyoyasoma: wachunguzi wa misitu ya Kamerun waona ya kuwa afromosia nyingi kubwa za huko ziliota mahali ambapo watu wa kale walilima, kisha wakahama.

"Basi kukata si kosa?" aliuliza mtoto.

"Hao walihama," alisema mzee. "Baba yako atahamia wapi?"

Akaongeza ya kuwa hapo Yangambi kuna mashamba ya akasia, iotayo upesi, iliyopandwa kwa ajili ya kuni na makaa. Kama mtoto ataka, atampeleka alfajiri.

Sisi tulikuwa tumekusudia kwenda asubuhi ile kuona mnara wa chuma wa meta 55, uliosimamishwa msituni mwaka 2020, wa kwanza wa namna yake katika bonde la Kongo, ambao vyombo vyake hupima hewa ya kaboni iingiayo msituni na itokayo. Wanafunzi 8 waliuona. Yule mmoja alirudi adhuhuri, viatu vyake vimejaa tope, akatuuliza kama miaka sita ni mingi kwa mtu mwenye watoto saba.

Tulipohesabu fedha za kurudi, nauli ya mtu mmoja ilikosekana. Mwenye boti alikubali tumlipe kwa kumpakilia mizigo. Tulivua mashati, waalimu na wanafunzi, tukabeba. Yalikuwa magunia ya makaa.