Mtoto akichagua bayolojia ya mazingira, tusimvunje moyo

Jirani yangu hapa Mombasa ni mtu wa Rangwe, Kaunti ya Homa Bay. Juzi alinijia uso umemshuka. Binti yake amepata C+ na anataka kusomea bayolojia, upande wa mazingira. "Mimi nilitaka awe muuguzi," akaniambia. "Hiyo bayolojia ya miti na samaki, atakula nini?"

Wazazi wengi wa Pwani nao huuliza hivyo hivyo. Basi tuelezane.

C+ ndiyo alama ya chini ya kuingilia shahada, lakini vyuo huangalia pia alama za bayolojia na kemia. Masomo ni miaka 4. Mwanzo ni seli, urithi, kemia na takwimu. Baadaye huja ikolojia, yaani jinsi viumbe, maji na udongo vinavyotegemeana, na kazi ya kwenda nje kupima.

Faida yake? Atazame ziwa la kwao. Wakoloni walimtia sangara, anayeitwa mbuta huko, katika Ziwa Victoria miaka ya 1950. Viwanda vilinufaika, lakini aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili, zilitoweka. Kisha likaja gugu maji, linalofunga njia za mashua. Gugu hilo hunawiri kwa mbolea na maji taka yanayosombwa na mvua kutoka mashambani na mijini. Kwa hiyo mkulima wa Rangwe aliye mbali na ufuo naye ana mkono wake ziwani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 gugu lilipungua, na mojawapo ya silaha ilikuwa wadudu wadogo wanaolila. Kujua mdudu gani alile gugu bila kugusa mazao ni kazi ya mwanabayolojia.

Kwetu, Gazi kule Kwale, wanakijiji na watafiti walianza Mikoko Pamoja mwaka 2013. Mikoko inahifadhiwa, hewa ya kaboni inauzwa, na fedha zimeleta maji ya bomba na vifaa vya shule.

Kuhusu ajira, sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na tathmini hiyo hufanywa na wataalamu waliosajiliwa na NEMA. Kuna pia utafiti wa samaki, misitu, kaunti na ualimu.

Lakini tusidanganyane, cheti peke yake hakileti kazi. Nilimwambia jirani: binti aulize chuo kina maabara gani na wanafunzi hupelekwa wapi kujifunza kazi. Ashike takwimu na ramani za kompyuta. Alinganishe kozi za Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilicho Homa Bay, na za Pwani, Kilifi. Na mkopo wa HELB akumbuke ni deni.

Jirani alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kumbe babu yangu mvuvi alikuwa anasoma bila chuo."

Naam. Tofauti ni kwamba babu hakuulizwa sangara alipotiwa ziwani. Huyu binti, inshallah, ataulizwa.