Amplifaya, Spika na Sebule

Hapa Sori, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, tuliwahi kuunguza spika kwa amplifaya ndogo. Wengi hustaajabu, wakidhani ni nguvu nyingi tu ziunguzazo. Ilikuwa siku ya darsa la akina mama. Mvua ikapiga mabati, nasi tukazidisha sauti hadi ikakwaruza. Fundi akatueleza: amplifaya iliyozidiwa hukata vilele vya mawimbi ya umeme, na joto lake huishia kwenye spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo waya wake ni mwembamba mno.

Basi, dada msomaji, kabla ya kununua tazama nyuma ya spika: imeandikwa omu ngapi? Amplifaya iliyokusudiwa omu 8 huchemka ikiungwa na spika za omu 4. Wala usihadaike na wati. Kutoka 50 hadi 100 huongeza desibeli 3 tu, jambo dogo sikioni. Sakafu ya saruji na kuta tupu huzaa mwangwi, nasi zulia na mapazia mazito vilitufaa kuliko amplifaya mpya. Spika tumezisogeza karibu na wasikilizaji. Mvua ikizidi, mwalimu hunyamaza kidogo, tukaingoja ipite.