Kushika Kazi Katika Kerezo Dogo

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo moja dogo la ufundi, ambalo likidharauliwa huweza kuharibu kazi ya siku nzima, na pengine kuwaacha wavuvi katikati ya maji usiku bila injini. Jambo lenyewe ni namna ya kushika chuma katika kerezo, yaani mashine ya kukereza.

Ziwa Victoria halina njia ya kupitisha meli kutoka baharini. Kwa sababu hiyo meli zetu kubwa ziliundwa au kuunganishwa papa hapa pwani ya ziwa. Meli iliyoitwa Victoria, iliyoanza safari zake mwaka 1961, iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kisumu, ikaunganishwa tena. Kadhalika chombo kikiharibika, hakina budi kutengenezwa hapa hapa. Ndiyo maana mwenye kerezo dogo, hata lile la kuwekwa juu ya meza, aweza kuwa mtu wa faida kubwa kijijini kwake.

Tuchukue mfano. Mwenye mashua amemletea fundi kipande cha shaba, ataka bushi mpya. Bushi ni pete nene ambayo ndani yake huzunguka shafti ya rafadha. Tundu la bushi lazima liwe katikati barabara ya duara la nje. Likienda upande, shafti itakuwa imepinda njia yake. Injini itatetema, maji yataanza kuingia, na bushi italika upesi.

Sasa sikilizeni vema. Katika kerezo kisu hakizunguki; kinachozunguka ni kazi yenyewe. Kila mahali kisu kigusapo, chuma huwa duara, lakini duara hilo hufuata kiini cha mashine, wala si kiini cha kipande. Basi ukikishika kipande upande, utapata duara zuri lililo mahali pasipo pake. Kwa hiyo usawa wa kazi huanzia kwenye kishikio, kabla kisu hakijagusa chuma.

Ziko njia nne ambazo yafaa kuzijua.

Ya kwanza ni kishikio chenye taya tatu. Ukizungusha ufunguo mmoja, taya zote tatu husogea pamoja. Ni chepesi na cha haraka, nacho hufaa kwa vyuma vya mviringo na vya pembe sita. Lakini hakina usawa kamili. Kilichotumika sana huweza kukosea sehemu ya kumi ya milimeta au zaidi, nawe huna njia ya kukisahihisha.

Ya pili ni kishikio chenye taya nne, ambazo kila moja husogezwa peke yake. Hiki hushika mviringo, mraba, na hata kipande kisicho na umbo maalumu. Kukipanga kwahitaji subira. Tumia saa ya kupimia, ile yenye mshale uonyeshao milimeta ndogo ndogo. Zungusha kazi kwa mkono. Mshale ukionyesha tofauti ya 0.20 kati ya upande mmoja na upande ulioelekea, sogeza kazi nusu yake, yaani 0.10. Asiye na saa hiyo na ashike chaki karibu na kazi inapozunguka. Chaki itatia alama upande uliotokeza. Simamisha mashine, legeza taya iliyo upande wa pili, kisha kaza ile iliyo upande wenye alama.

Ya tatu ni kushika kazi baina ya ncha mbili, kwa vitundu vidogo vilivyotobolewa katika vichwa vyake. Njia hii ni ya kale. Mafundi wa Lamu na Siyu walikereza miguu ya vitanda kwa namna hiyo, wakizungusha mti kwa upindo na kamba. Faida yake ni kwamba waweza kuitoa kazi, kuigeuza na kuirudisha, na kiini chake kisipotee.

Ya nne ni sahani bapa yenye matundu, ambayo kazi hufungwa juu yake kwa bolti. Hufaa kwa vipande vipana. Kazi ikielemea upande mmoja, funga uzito upande wa pili, ili mashine isiruke.

Turudi kwenye bushi yetu. Ikiwa shaba ni ndefu ya kutosha, kishikio cha taya tatu chatosha kabisa: kereza nje, toboa na usawazishe tundu, kisha ukate, yote bila kuilegeza hata mara moja. Kazi iliyofanywa kwa mshiko mmoja ina kiini kimoja. Lakini ikiwa lazima uigeuze, usiamini taya tatu. Ama ipange upya katika taya nne, ama ichomeke kwa kukaza juu ya fimbo iliyokerezwa sawasawa, uishike fimbo hiyo baina ya ncha mbili, ukereze nje. Hapo duara la nje litafuata tundu.

Mtu akiniuliza, “Fedha yangu yatosha kishikio kimoja tu, ninunue kipi?” nitamjibu, anunue chenye taya nne. Kitamchelewesha, lakini hakuna kazi ya taya tatu ambayo hakiiwezi, na zipo nyingi ambazo cha taya tatu hakiziwezi.

Mwisho, maonyo mawili. Usiuache ufunguo katika kishikio hata kwa nukta moja. Mashine ikiwashwa hurushwa kama jiwe la kombeo. Tena chuma kinachotokeza nje ya taya zaidi ya mara tatu ya unene wake, kitegemeze kwa ncha ya nyuma, kisije kikapinda au kuchomoka.

Basi, kabla ya kuwasha mashine, jiulize: Kazi hii ina umbo gani? Nitaitoa na kuirudisha? Kiini chake kifuate nini? Ukiwa na majibu matatu hayo, njia ya kuishika utakuwa umekwisha kuichagua. Kwaherini.