Kijana Aliyewasha Taa kwa Upepo

Akina mama wenzetu, ni mara ngapi tumewagombeza watoto kwa kutujazia vyuma chakavu uani? Tunataka uwanja safi, wala si kosa. Lakini habari ya kijana mmoja wa Malawi imetufanya tufikiri upya.

William Kamkwamba alikuwa na umri wa miaka 14 hivi njaa kubwa ilipoikumba nchi yake, mwaka 2001 na 2002. Wazazi wake, wakulima wa wilaya ya Kasungu, walikosa ada, akaacha masomo ya sekondari. Hata hivyo hakukata tamaa. Alikwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, akapata kitabu chenye picha ya vinu vya upepo. Kiingereza kilimpa taabu, lakini michoro aliielewa.

Akaanza kuokota vitu: fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki. Mabomba aliyapasha moto, akayanyoosha yawe mapanga. Upepo ulipoyasukuma, gurudumu la baiskeli lilizunguka na kuzungusha dainamo, kama ile inayowasha taa ya baiskeli usiku. Yote aliyapandisha juu ya mnara wa miti.

Watu walimwona mwendawazimu, hata mama yake mzazi. Je, sisi tungemwonaje? Mtoto hana shule, tumbo halina kitu, naye anashinda jalalani!

Lakini balbu iliwaka. Kinu hicho, chenye nguvu ya wati 12 tu, kiliwasha taa nne na redio mbili. Mwaka 2007 alialikwa mkutanoni Arusha kueleza kazi yake. Baadaye alirudi shuleni, na mwaka 2014 alihitimu chuo cha Dartmouth, Marekani.

Hatusemi tuwaache watoto wacheze na hatari. Mnara usiposimikwa imara huanguka, na nyaya zikigusana huweza kuunguza paa. Mtafute fundi umeme wa jirani amwongoze mwanao, na mtoto asipande mnarani peke yake.

Ila kabla ya kuvitupa vyuma vyake, tukae naye kidogo tumwulize: “Mwanangu, hapa unatengeneza nini?” Pengine ada imetushinda, lakini kumsikiliza hakutugharimu hata senti.